Mlio wa Roketi Ulipokata

Kiberiti kikiwashwa karibu yangu, ile harufu ya kwanza kabla moto haujashika, pale penye jicho langu la kushoto panawasha. Jicho lenyewe halipo.

Nilikuwa darasa la tatu, na sikuendelea zaidi ya hapo. Huku kwetu upande wa Mtinko wanafunzi wa sekondari waliunda roketi, bomba refu kama mchi. Ndani walifunga kidude cha kurusha mlio, ti, ti, ti, usikike kwenye redio huku chini, wajue inavyokwenda. Redio yenye sauti nzuri ilikuwa ya baba, basi mshika redio nikawa mimi, nimejibanza nyuma ya jiwe kubwa, sioni kitu.

Hamisi, kiranja wao, akanipa maelekezo.

"We Mwajuma, mlio ukikata ujue imeshatua. Ukimbie ukaiokote kabla ng'ombe hawajaikanyaga. Usije ukasinzia na hilo tumbo la ugali!"

Wakacheka. Na mimi nikacheka.

Mlio ukaja, mzuri, kama kifaranga. Halafu ukachoka, ukachoka, kimya. Mshindo sikuusikia. Nikajiuliza, sasa imeruka saa ngapi? Lakini kiranja keshasema. Nikakimbia. Nikaikuta imesimama palepale, utambi unafuka. Nikainama niitazame.

Nilipotoka hospitali, bandeji usoni, baba akanipeleka kwa Mwalimu Mashauri, mkubwa wa kazi ile. "Piga magoti. Umewaharibia watoto wa watu."

"Shikamoo mwalimu. Naomba unisamehe."

"Marahaba. Siku nyingine uwe unasikiliza."

Jamani, si nilisikiliza? Miaka nimelala na swali hilo, nikidhani labda masikio yangu ndiyo mabovu.

Ukubwani fundi redio mmoja wa Singida mjini ndiye aliyenifungua. Betri iliyokwisha ukiianika juani inafufuka kidogo, halafu inakufa ghafla. Nikakumbuka. Asubuhi ile Mwalimu Mashauri alianika betri kuukuu juu ya bati la ofisi, Hamisi akazishusha akazitia kwenye roketi. Mpya zilizonunuliwa kwa kazi hiyo zilikuwa kwenye redio ya mwalimu, asikilize mpira. Tuliokuwa pale wote tulimwona.

Kwa hiyo kilichokata ni betri. Roketi ilikuwa bado haijaenda popote. Na Mwalimu Mashauri alilijua hilo nikiwa nimepiga magoti mbele yake, akaitikia marahaba.