Shujaa Aliyechelewa Laini Saba

Kalondu alichora mabango ya biashara mtaani Laini Saba. Kinyozi, bucha, saluni, yote yalipitia kwenye brashi yake. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye katuni alizozitoa kwa fotokopi, na shujaa wake Ndata, mama fua anayefulia watu nguo na kupaa juu ya mabati, alipendwa kuanzia relini hadi mtaa wa Ayany.

Kisha moto ukazuka. Watu walijipanga na ndoo, maji yakashindwa. Muia, fundi wa viatu aliyekuwa jirani yake Kalondu, aliingia motoni kumtoa mtoto wa mpangaji mwenzake. Mtoto alitoka. Muia hakutoka.

Katika toleo lililofuata, Ndata alipaa kwa kasi yake yote na bado akachelewa kumfikia fundi wa viatu. Kwenye ukurasa wa mwisho alikuwa amepiga magoti kwenye majivu, mikono mitupu.

Nekoye, mhariri wa jarida la watoto lililokuwa limekubali kulichapa toleo hilo, alimwita ofisini.

"Hii ni giza tupu, Kalondu. Huyu fundi mwokoe. Shujaa asiposhinda, watoto wataogopa."

"Watoto wa kwetu walibeba ndoo siku hiyo. Anayeogopa ni wewe."

"Basi hatuchapi."

"Sawa. Fotokopi ziko."

Nakala zikasambaa mpaka mtaa wa Kawangware. Wapo waliomlaumu kwamba amewaharibia Ndata wao. Mtu aliyemhofia ni mmoja tu, mamake Muia. Siku alipomwona akija na nakala mkononi, aliweka brashi chini.

"Umemchora mwanangu."

"Ndiyo, mama. Ukisema niache, nitaacha."

Mama akaketi juu ya debe la rangi, akaufungua tena ule ukurasa. "Hao wanaotaka aokolewe kwenye karatasi, siku ile walikuwa wapi? Usibadilishe kitu. Ila masikio yake hayakuwa makubwa hivi."

Wakacheka, kisha wakalia.

Haukupita mwezi, Thuo akafika kutoka Kawangware. Naye alikuwa mchoraji. Mashujaa wake walishinda kila toleo, hata shati lisichafuke. Sasa alileta kurasa ambamo shujaa amejibanza nyuma ya kibanda, meno yanagongana, huku majambazi wakipora duka.

"Niaje, Kalondu. Tangu nisome yako, mkono umekataa kuchora zile za zamani. Lakini nimekwama hapa. Huyu msee atatokaje?"

Kalondu alizipitia kurasa hizo hadi ya mwisho, akamrudishia.

"Mwache aogope kwanza," akasema. "Na usithubutu kumwokoa haraka."