Wimbo Usiofungwa Mpaka Wote Waingie

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya kufundisha chekechea, kijijini Titye, tulikuwepo hawa: Mwalimu Mkuu; Mzee Ntahondi, aliyemleta mjukuu wake; Bibi Nyanzobe, jirani yetu mwenye ng'ombe; watoto, wengi hawajui lugha ila Kiha chetu; na mimi Skola, niliyeishia darasa la nne wazazi wetu walipofariki. Nje ya ua alisimama mdogo wangu Stefania, aliyefikia umri wa kuanza shule. Mgongoni amembeba kitinda mimba wetu, Bosko. Hatukuwa na mtu mwingine wa kumlea.

Ilikuwa miaka ya sabini, kijiji bado kipya. Baada ya uji nikawaambia watoto, "Ingieni." Wakatawanyika migombani.

"Binti," akasema Mwalimu Mkuu, "nakupa mpaka Ijumaa. Wakiendelea hivi, urudi kwenye jembe lako."

Shamba letu halikutosha kutulisha watatu. Basi nikaimba nilichokijua: wimbo ambao Bibi Nyanzobe aliwaitia ndama jioni, nami nyumbani niliwaitia wadogo zangu. Watoto wakatoka migombani wakicheka, wakaingia.

Mzee Ntahondi hakucheka. "Yewe Skola! Mjukuu wangu ana pembe?"

"Bado hazijaota," akadakia Bibi Nyanzobe. "Lakini ndama huitwa kwa sababu anatakiwa nyumbani. Wewe asubuhi ulimwita huyu kwa fimbo. Alikuja?"

Mwalimu Mkuu akakohoa, akageukia ubao. Ijumaa ikapita bila kunifukuza, nami Jumatatu nikarudi darasani.

Bibi aliniachia wimbo wake kwa sharti. "Kila ndama na ubeti wake, kwa jina. Na usiufunge mpaka wa mwisho aingie. Ukiufunga mmoja akiwa nje, umemwachia fisi."

Hapo ndipo nilipojifunza kazi. Wimbo wa mpito, yaani wa kuwahamisha watoto kutoka shughuli moja hadi nyingine, lazima ulingane na shughuli yenyewe. Wa kunawa usiishe mikono ikiwa na sabuni. Wa kutandika mikeka uanze kwa sauti kubwa, uishie kwa mnong'ono, ili wakiketi wawe wameshatulia. Darasa likipiga kelele, usishindane nalo. Shusha sauti, watanyamaza wakusikie.

Baadaye Mratibu wa Elimu alinihamishia Murungu, upande wa Kibondo. "Kengele yako iko wapi, Mwalimu?" aliniuliza.

"Ninaimeza na uji kila asubuhi, Bwana Mratibu."

Bosko alisoma, akawa fundi seremala. Stefania hakuingia darasani kamwe. Bosko alipoanza kutembea, yeye alikuwa ameshashika jembe, ili mimi niendelee kufundisha. Kule Titye, kila asubuhi alisimama nje ya ua akiitikia kiitikio, nami nikiimba majina ya watoto wa wenzangu mpaka wa mwisho. Lake sikuliimba.

Sasa nimestaafu, mimi na Stefania tunaishi jirani. Juzi nilimtandikia mkeka barazani kwangu, nikaweka kibao na chaki. Nikaanza ule wimbo, nikatia jina lake.

Akacheka mpaka akashika kiuno. "Dada, ngoja kwanza nikafunge mbuzi."

Akaenda. Nami sijaufunga wimbo.