Mkuyu wa Ukutani

Nilipokuwa mtoto kule Mbololo, nyanya yangu, mama yake baba, aliogopa mti mmoja tu: mkuyu uliojiotea kwenye nyumba ya mtu. Alisema mti wa namna hiyo umekuja kudai nafasi, na usipoondolewa, ataondoka mmoja wa waliomo. Tena haukung'olewa na mkono wowote tu. Ilikuwa kazi ya mwenye nyumba, asubuhi, kabla hajaonja kitu.

Wetu uliota nje ya chumba cha nyanya, katika ukuta wa mawe na udongo. Majani mawili, basi. Baba alifanya kazi ya reli Voi na kuja nyumbani mwisho wa mwezi, kwa hiyo nyanya alihesabu siku.

Kwa bahati mbaya, wiki hizo mwalimu wetu wa darasa la sita alitufundisha habari za visiwa. Kisiwa huzuka katikati ya bahari, jiwe tupu, hakuna hata mchwa. Kisha upepo huleta mbegu nyepesi, mawimbi huleta nazi, na ndege huja na mbegu tumboni na katika matope ya miguu. Miaka ikipita, jiwe limekuwa msitu. Nilirudi nyumbani na kiherehere changu. Ukuta ule ukawa kisiwa changu, na mche nikaumwagilia kwa kikombe, kwa siri.

Baba alipokuja, nyanya alimwonyesha. Nikaingilia maneno ya wakubwa.

"Baba, hayo ni mavi ya ndege tu. Mwalimu ametuambia."

Baba alicheka kwa fahari, akamwambia mama yake kwamba mtoto amesoma. Mche ukabaki.

Nyanya hakubishana. "Usiopandwa na mtu hauna huruma na mtu," alisema, akaingia ndani.

Nyufa tuliziona, tukaziziba kwa udongo. Masika ya tatu ukuta ulianguka alfajiri, juu ya kitanda chake. Hakuamka.

Leo mimi mwenyewe ni mwalimu. Somo lile halikuwa la uongo. Liliishia tu pale mbegu inapofika, halikusema mizizi hulifanya nini jiwe. Nyanya alijua sehemu iliyobaki, nami nilimdharau kwa sababu hakuisoma kitabuni. Ninaumia hadi sasa.

Matangani watu walipouliza, baba aliwajibu kuwa ni mvua. Alilirudia jibu hilo hadi alipofariki, na sikumsahihisha hata siku moja, kwa sababu nilijua anamkinga nani.