Pole Iliyookoa Timu ya Hoki

Jamani, juzi nimecheka mpaka mbavu zikauma! Jirani yangu wa hapa Skärholmen, Uswidi, mama Mrundi, aliniomba nimsindikize kwenye kikao chuoni kwa binti yake. Binti ni golikipa wa timu ya hoki ya barafu. Timu imefungwa msimu mzima, na siku hiyo walikuwa wanaamua ivunjwe au ibaki.

Tukawakuta wanatupiana lawama. Kocha anamnyooshea kidole mkuu wa chuo, mkuu anawanyooshea wazazi, wazazi wanamgeukia kocha.

Jirani yangu akainuka, mkono kifuani. "Poleni sana, wenzangu. Kufungwa kunauma."

Binti akatafsiri: "Förlåt."

Mungu wangu! Hiyo kwa Kiswidi ni kuomba msamaha!  Ukumbi mzima ukamtazama kama ndiye aliyeiua timu. Binti akashtuka, akajiziba mdomo. Mama yeye anatikisa tu kichwa kwa huruma: "Poleni, poleni."

Kocha akawa mwekundu mpaka masikio. "Hapana, mama. Mazoezi niliyapunguza mimi."

Mkuu akakohoa. "Na mimi niliwanyima saa za uwanja."

Baba mmoja akakiri aliacha kuwapeleka vijana mechi za mbali. Timu ikapewa mwaka mwingine!

Kwenye treni nikamwambia, "Dada, umeomba msamaha kwa niaba ya chuo kizima!"

"Mimi? Nimewapa pole tu, kama msibani."

Nikaangua kicheko, behewa zima likageuka. Mwanamke huyu namvulia kilemba. Na nyinyi wapenzi, mkishindwa kupatana nyumbani, tafuteni mkalimani mbovu.