Ndugu wa Pili wa Nyachuol

Siku ya kwanza nilipobisha kwenye ua wa Nyachuol, kambi ya wakimbizi ya Kakuma One, nilisalimia "Ejok" kama ninavyosema kwenye kila mlango wa Turkana, na sauti ya mwanamke ikanijibu kutoka ndani, "Nani amekutuma?"

Nikasema hakuna aliyenituma, mimi ni mnoa visu na makasi.

"Na umejuaje huku kuna makasi?"

Sikuwa nimejua. Nilibisha tu, kama ninavyobisha kwingine. Akatoka mwanamke mrefu, shuka begani, akaniangalia miguu, akaliangalia jiwe langu la kunolea, kisha akaleta makasi mawili. Kabla ya kunipa aliyapima kwa kiganja. Nilipomaliza akayapima tena, kuona kama nimeondoka na kipande. Hakikupungua kitu. Basi tukawa watu wa kujuana, na sasa ni mwaka wa sita, na makasi bado yanapimwa.

Mimi naitwa Barasa. Nilikuja huku kijana na kampuni ya barabara. Kazi ya barabara ikaisha, mimi sikuisha, nikabaki. Nanoa visu vya samaki kule Ferguson's Gulf, nanoa vya jikoni Nawoitorong, siku nyingine mguu hunifikisha hadi Kaaleng. Shule niliacha darasa la nne. Haya naandika polepole, na aliyoyasema Nyachuol nayaandika kama alivyoyasema.

Kazi yake ni kuwaandikia watu barua. Ana laptopu moja kuukuu, meza ya mbao, na kiti cha mgeni ambacho amekiweka mbali ili mgeni asisome ya mwenzake. Mtu anaomba kazi, mtu amepoteza kadi, mtu anatafuta nduguye: wote huja kwake. Hakuna barua iliyotoka kwake na siri ikavuja. Anashuku kila mtu, na watu wanamwamini kwa sababu hiyo hiyo.

Kiangazi kilichopita nilimkuta ameketi mbele ya laptopu, mikono mapajani, haandiki. Kaka yake alikuwa pembeni amenyoosha mguu wake mbovu. Alikuwa amefika kutoka Sudan Kusini miezi mitatu nyuma, mtu wa maneno machache na mzaha mwingi. Kwa kuwa hakuwa kwenye kadi ya familia, hakuwa na chakula chake, wala hospitali haikumwandika, na ule mguu ulikuwa unavimba. Jina lake Both. Kwao hulitamka taratibu, kama mtu anayevuta pumzi katikati.

"Baba Barasa," Nyachuol akaniambia, "wewe unatembea sana. Umewahi kusikia mtu akiongezewa kaka?"

"Kaongezewa vipi?"

Akanionyesha karatasi. Alikuwa ameiandikia ofisi ya kadi kwa Kiingereza, maana ofisi haisomi kingine, akiomba Both aingizwe. Ofisi ikajibu: alete ndugu zake wawili pamoja, kabla ya Alhamisi saa sita, la sivyo ombi linafungwa.

"Mimi nina kaka mmoja. Huyu." Akamwonyesha kwa kidevu. "Sasa wanamtaka wa pili. Nikisema hayupo, watasema nilitaka kuficha mtu ndani ya kadi. Nimeifungua barua nione. Angalia."

Kwenye kioo palikuwa na ile barua. Akaweka kidole. "Mimi niliandika hivi: Please add Both my brother to my card. Lakini hapa imekuwa both my brothers. Wamemwandika kwa herufi ndogo kama kitu cha dukani, halafu wakaongeza s. Hiyo s ni mtu, baba. Ni mtu mzima anayetafuta kadi. Nani ameniingizia?"

"Mimi nimeridhika kuwa mmoja," Both akasema. "Huyo wa pili atalala wapi?"

"Nyamaza wewe."

Alikuwa na orodha kichwani. Wa kwanza, Wal wa cyber, aliyeichapa barua. Kwa siku nne hakuwa amemsalimia. Wa pili, Abdikadir wa Lodwar, Msomali aliyemuuzia ile laptopu, kwa sababu mtu wa duka ana ndugu wengi. Wa tatu hakumtaja, akaniangalia tu, nikakohoa.

"Basi rekebisha uandike upya," nikasema.

"Imefungwa."

Kweli, juu ya kioo palikuwa na utepe mwekundu. Programu ya kuandikia ilikuja na laptopu kwa majaribio, nayo sasa ilisema muda umeisha, lipa. Kusoma unasoma, kuandika, vitufe vyote vimekuwa kijivu. Nyachuol hakushangaa. Kadi yake huisha muda, kibali chake cha kusafiri huisha muda, vocha huisha. Kilichomuudhi ni kwamba imeisha juma hili hili.

Nikamuuliza kwa nini asiandike kwa mkono. Akasema ya kwanza ilichapwa. Ya pili ikija kwa mkono watasema imeandikwa na yule kaka wa pili.

Yeye mwenyewe kwenda Lodwar ni kuomba kibali na kungoja, na siku zilikuwa zimebaki tatu. Hivyo laptopu nikaibeba mimi. Kwanza aliigeuza, akahesabu skrubu mbele yangu: nane. Akaitia kwenye mkoba, akafunga zipu kwa uzi mweusi, mafundo matatu. Akanipa karatasi yenye maswali ya kumuuliza Abdikadir. "Usiyabadilishe," akasema. "Uliza kama yalivyo."

Abdikadir nilimkuta dukani kwake, karibu na steji ya magari ya Kakuma, anasafisha kibodi kwa brashi ya meno. Ni mtu mcheshi, na anamjua Nyachuol vizuri.

"Mzee Barasa! Ametuma maswali?"

"Ametuma."

"Wallahi, huyu mama angekuwa askari wa mpakani. Soma."

Nikamwambia kwanza habari ya programu iliyofungwa. Akasema njia ziko nne. Alipe ile ile kila mwaka. Au atumie ya mtandaoni, ambayo haikai kwenye mashine, ila inataka bando, namba ya simu na tarehe ya kuzaliwa. Au ampe ile ya kulipia, lakini iliyofunguliwa. "Usiniulize na nani," akasema. Au aweke ya bure kabisa, inayoandika barua, hesabu na kila kitu, na haiishi muda.

Nikampigia Nyachuol simu, nikaweka sauti wote wasikie.

"Ya kulipa kila mwaka sitaki," akasema. "Nikiizoea watapandisha."

"Ya mtandaoni?"

"Tarehe ya kuzaliwa wanataka ya nini? Ya kweli au ya kadi? Kwenye kadi wote tumezaliwa tarehe moja Januari. Mashine itaona Kakuma nzima imezaliwa siku moja, itatushuku."

"Iliyofunguliwa je, mama?" Abdikadir akauliza.

"Aliyefungua bado ana ufunguo. Huyo ndiye aliyeingiza s."

"S gani?"

"Unajua mwenyewe."

Abdikadir akaniangalia, nami nikatazama mlango. "Basi ya bure," akasema. "Wala haihitaji mtandao ukishaiweka."

Lile swali la kwanza kwenye karatasi, Nyachuol akaliuliza mwenyewe: "Mwenyewe ni nani?"

"Hakuna mmoja, mama. Ni watu wengi, nchi nyingi. Wanaitengeneza pamoja kwa kupenda."

"Wanapata nini?"

"Hawapati kitu."

"Wanatujua?"

"Hawatujui."

"Abdikadir. Watu wa mbali, hawatujui, wanatupa kitu bure. Hakuna kuweka kidole?"

"Hakuna."

"Hawaji kupiga picha na sisi?"

"Hawaji, wallahi."

"Hata kofia na fulana hawagawi?"

"Hata kalamu."

"Hapo ndipo sielewi," Nyachuol akasema. Nilimsikia Both akicheka nyuma yake. "Basi weka. Lakini ile ya kwanza usiifute. Niachie zote mbili zikae, zichungane."

Abdikadir akakata ule uzi kwa wembe, akaiweka programu kutoka kwenye flashi kabla chai yangu haijapoa. Skrubu hakuigusa hata moja. Kipande cha uzi nikakiokota sakafuni, nikakitia mfukoni. Nikalala Lodwar, na Jumatano mchana nilikuwa Kakuma.

Nyachuol akaona zipu haina uzi, akaninyooshea mkono tu. Nikampa kile kipande, na mafundo yake matatu. Akayatazama, akageuza laptopu, akahesabu. Nane. Akakaa.

Programu ikafunguka, nyeupe, imetulia. Aliandika kwa kidole kimoja kimoja, akisimama baada ya kila neno, kama mtu anayevuka mto akipima kina. Mimi na Both tulisimama nyuma yake. Tulipofika kwenye ile sentensi, hakuna aliyepumua. Please add Both my brother to my card. Akaweka nukta. Tukangoja.

"Haijaongeza s," nikasema.

"Haijaongeza. Kwa nini haijaongeza?"

"Si ndivyo ulivyotaka?"

"Nilitaka. Lakini kwa nini?"

Akasogeza uso karibu na kioo, akakaa hivyo. Kisha akasema polepole, "Angalieni. Nyachuol, wamenipiga mstari mwekundu chini. Bichiok, jina la baba yetu, mstari. Kakuma yenyewe, mstari. Hawatujui. Lakini Both," akageuka kwa kaka yake, "wewe hawajakupiga mstari. Hawa watu wanakujuaje?"

"Mimi? Mimi hata kuiwasha sijui."

"Ulikutana na nani njiani ukija?"

"Nilikutana na ng'ombe."

"Both, nakuuliza kwa heri. Programu haimjui mtu hapa, inakujua wewe. Kwa nini?"

Nikainama nisome. Mimi husoma kama nilivyofundishwa darasa la tatu, neno moja moja, kwa sauti. Nikasoma please. Nikasoma add. Nilipofika kwenye jina lake, sikulitamka kama wao. Nililitamka kama mwalimu wetu, aliyekuwa akisimama mbele na fimbo akituamuru kwa Kiingereza tuinue mikono. Na mikono yangu, miaka sitini baadaye, ikapanda yenyewe juu, yote miwili.

"Kwa nini unajisalimisha?" Nyachuol akauliza.

"Mwalimu," nikasema. "Both hands. Mikono yote miwili. Mama, jina la kaka yako ni neno la Kizungu. Ni yote mawili. Ni wote wawili."

Nyachuol aliangalia kioo, akaangalia mikono yangu, ambayo nilikuwa bado sijaishusha. Akaifungua ile barua ya zamani, akasoma kwa midomo tu. Nikaona linavyomwingia. Ile programu ya kwanza ilikuwa na msaidizi wa kusahihisha Kiingereza. Ilimwona kaka mmoja mbele ya neno la wawili, ikadhani mama amekosea, ikamsaidia: ikapunguza herufi kubwa, ikaongeza s. Na karani naye akasoma kilichoandikwa.

"Neno hilo nalijua," akasema mwishoni, sauti chini. "Nimewaandikia watu mara mia. Lakini kaka yangu nilimjua kwanza."

"Kwa hiyo mimi ni wawili," Both akasema. "Ndiyo maana chakula hakinitoshi."

Nyachuol akampiga begani kwa karatasi, akacheka kwa mara ya kwanza siku hizo. Halafu akaacha kucheka. "Na hii ya bure ilijua, ikanyamaza?"

"Hii haikuyagusa maneno yako, mama."

"Ndiyo. Haijagusa." Akafikiri. "Bado sijui inataka nini. Lakini haiongezi watu."

Akaifuta ile sentensi, akaandika nyingine, na hiyo naikumbuka yote kwa sababu alinifanya niisome kwa sauti mara tatu: My brother's name is BOTH BICHIOK. He is one person.

Tukaenda kuichapa kwa Wal wa cyber. Nyachuol hakumwomba radhi, hilo halijui. Alimsalimia tu kwa mkono, akamuuliza habari za watoto, na Wal, ambaye hakujua kosa lake lilikuwa nini wala limeishaje, alichapa nakala ya pili bila kuombwa.

Alhamisi saa nne tulikuwa ofisini. Karani, kijana mwenye miwani, akasoma barua mpya, akachukua ile ya zamani, akaziweka sambamba. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshazoea kudanganywa. Niliona wametazamana, yeye na Nyachuol, nikajua kila mmoja amekutana na mwenzake.

"Huyu ni mmoja," karani akasema. "Na yule mwingine yuko wapi?"

Nyachuol akafungua mdomo, lakini Both aliwahi. "Mwingine aliandikwa na kompyuta," akasema. "Mtafuteni huko. Akipatikana, mwambieni na mimi namtafuta, anisaidie kubeba huu mguu."

Karani hakucheka mara moja. Alisoma tena, midomo ikisogea, na alipofika kwenye lile jina nikamwona amesimama hapo. Akalisema kwa Kizungu. Akalisema kwa namna yao, vibaya. Kisha akavua miwani, akajifuta macho, akamwita mwenzake wa meza ya pili aje aone. Both akaweka kidole kwenye mashine nyekundu ya alama za vidole, mara mbili kwa sababu ya vumbi, na jina lake likaingia chini ya la Nyachuol kwa herufi kubwa.

Jumatatu iliyofuata alionwa hospitalini. Mguu bado umefungwa, lakini anatembea.

Nilipopita mwezi uliopita Nyachuol alinipa makasi, akayapima. Both ndiye aliyeninong'oneza kwamba kila asubuhi, kabla hajawaandikia watu, dada yake huifungua ile barua mpya na kuangalia kama kaka yake bado amebaki mmoja.