Uvimbe Usio Mbaya

Yule mnadi wa mitumba watu walimwita Tarumbeta, na jina halikumwonea. Akinyanyua blauzi juu ya meza yake, soko zima linajua bei. Ndiyo maana uvimbe ulipomtoka shingoni, kila mtu akageuka daktari. Mara tezi, mara kifua kikuu cha tezi. Akameza vidonge miezi na miezi, uvimbe ukakaa palepale. Jamani, mtu achoke mara ngapi?

Hatimaye daktari mmoja wa kike akaushika uvimbe kwa vidole viwili. Akausukuma kulia na kushoto, ukaenda. Akausukuma juu na chini, ukagoma. Akaubonyeza, Tarumbeta akakohoa. Akabonyeza tena, kikohozi kilekile. Akamtuma kupiga picha, na picha ilipokuja akasema, "Mama, uvimbe huu umeota kwenye ganda la mshipa. Ni nadra, lakini si mbaya."

Mume wa Tarumbeta, aliyekaa kando yake, akaruka. "Si nilikwambia!" Kisha akainamia meza. "Ila dokta, mshipa si ugonjwa wa wanaume, tena wa huku chini?"

"Huo mwingine, baba. Huu ni mshipa wa fahamu, unaoendesha sauti."

Tarumbeta hakucheka. "Mkiutoa uvimbe?"

"Sauti inaweza kupotea."

"Nikiuacha?"

"Utakua, uubane mshipa. Itapotea vilevile, polepole."

Nyumbani ndugu na majirani wakamiminika na pongezi: si mbaya, si mbaya! Alitamani awafukuze wote. Si mbaya kwa nani? Hana duka, hana cheti, ana koo tu. Alilia mpaka mto ukalowa.

Asubuhi ya upasuaji, wodini, aliinuka ghafla kitandani akanyanyua shuka. "Haya haya! Shuka safi, haina tundu, mwenye macho haambiwi chagua!" Wagonjwa wakacheka huku wameshika nyuzi zao. Nesi alikuja kumchukua, akasimama tu mlangoni. Tarumbeta akanadi mto, akanadi ndala, akamnadi na mumewe kwa bei ya kutupa, mpaka sauti ikaanza kukwaruza.

Akamgeukia mumewe. "Umenisikia vizuri?"

"Nimekusikia, mke wangu." Machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Basi nitunzie hiyo sauti, baba watoto. Kitinda mimba bado mdogo, ataisahau."