Mama Aliyekataa Dagaa Walale Mchangani

Habari za msiba huu nilizipata kwenye genge la dagaa, Mkolani, karibu na nyumbani kwangu. Muuzaji alikuwa ananipimia, kisha akasita na kuniuliza kama nimesikia. "Yule mama wa mwaloni Ilemela, mwenyekiti wao, ametutoka. Wamemzika juzi." Nililipa, nikasahau kuchukua mfuko wangu, akanikimbilia nao barabarani. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba safu hii haina desturi ya kulia misiba. Marehemu hakuwa ndugu yangu, wala hatukuwa watu wa kutembeleana. Lakini katika miaka yangu yote ya kuandika kuhusu viongozi, wakubwa kwa wadogo, ni wachache walionifundisha uongozi kama yeye, na hakuwahi kulitamka neno hilo mbele yangu.

Nilimfahamu enzi zile ambapo mwalo mzima, pale ufukweni boti za uvuvi zinaposhusha mzigo, ulianika dagaa chini. Boti zikiingia asubuhi, akina mama walimwaga dagaa mchangani, jua likafanya kazi yake, nasi walaji mjini tukatafuna mchanga wetu kimyakimya. Siku moja nilikwenda huko kutafuta habari, nikakuta kikundi cha wanawake kinachagua mwenyekiti. Waliotangulia walikuwa wameshindwa, si kwa uvivu, bali kwa wingi wa ndoto. Leo kikundi kilitaka boti, kesho kilitaka mradi wa kuku, keshokutwa sare za kitenge na ukumbi wa mikutano. Njia mbili zilimshinda fisi, sembuse nne. Basi akasimama yeye, mwanamke mrefu, mzaliwa wa Mara, Kiswahili chake kikipitia kwanza Kijita, lugha ya kwao. "Mimi sina mengi," akasema. "Nataka dagaa wetu wasiguse mchanga. Basi." Mama mmoja akadakia, "Na boti je, mama?" Akajibu, "Boti tutaizungumza dagaa wakishatoka chini." "Na kuku?" "Kuku wasubiri." Watu wakacheka sana, wakamchagua. Nadhani walimchagua kwa kuchekeshwa zaidi kuliko kwa kushawishika.

Lakini kicheko kiliisha, kazi ikaanza. Walikata miti, wakasimika vichanja, wakatandaza nyavu chakavu juu yake, dagaa wakaanikwa hapo. Nilizoea kupita pale nikitoka uwanja wa ndege, na kila nilipopita nilikuta safu ya vichanja imeongezeka. Ugomvi haukukosekana, maana wanawake wengi mahali pamoja wana mambo mengi, kama sisi wanaume. Ila kila ugomvi ulipofikishwa kwake aliuliza swali moja tu: "Hilo linawaondoaje dagaa mchangani?" Asiyekuwa na jibu aliondoka akitabasamu, au akinuna, lakini alirudi kazini.

Siku ninayoikumbuka kuliko zote ni ile ya mgeni mkubwa. Ilisemekana atawajengea paa la kuanikia dagaa wakati wa masika. Akina mama walivaa vizuri, wakajipanga mistari miwili, nyimbo zikaanza. Mimi nilikuwa pembeni na kamera yangu. Magari yalikuwa yanashuka mlimani katikati ya mawe pale mawingu meusi yalipotokea upande wa ziwa, na upepo ukageuka ghafla. Mwenyekiti alitazama ziwa, akatazama vichanja vilivyojaa, akavua viatu. "Maturubai!" alipaza sauti. Msimamizi wa shughuli akamshika mkono. "Mama mwenyekiti, mgeni ndiyo anafika!" Akajinasua taratibu. "Mgeni ana mwavuli, mwanangu. Dagaa hawana." Nilipogeuka, mistari ya mapokezi ilikuwa imekwisha. Vitenge vipya vilikuwa vinakimbia kwenye mvua, huyu kashika ncha ya turubai, yule anapandisha mawe ya kulizuia, na hakuna aliyekuwa akimwelekeza mwenzake. Mgeni alisubiri kidogo garini, kisha msafara ukageuza.

Paa halikuja kamwe. Kwa wiki kadhaa wapo waliomnung'unikia. "Umetufukuzia bahati," mmoja alimwambia mbele yangu, kwa uchungu wa kweli. Hakumkaripia. Akasema, "Inawezekana, mwenzangu. Na mimi paa nililitaka. Lakini dagaa wale wangeoza, ungemwambia nini mwanao anayesubiri ada?" Ukweli ni kwamba dagaa wale walikauka vizuri, na mnunuzi aliyetoka ng'ambo ya mpaka, ambaye mvua ile ilimharibia mzigo kwingineko, aliwatafuna kadhaa, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akachukua wote. Akarudi tena, akaleta wenzake. Boti walikuja kuinunua baadaye, bila hotuba.

Wiki hii nilikwenda mwaloni kutoa pole. Nilikuta vichanja vimejaa na akina mama wakigeuza dagaa kwa mikono, macho yakiwa mekundu. Mwenyekiti mpya, binti aliyepokewa na marehemu kikundini akiwa mjane mdogo, aliniamkia kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Tulirudi kazini kesho yake baada ya mazishi. Wapo wanaosema hatuna uchungu. Uchungu tunao, baba. Ila asubuhi boti ziliingia, na hakuna aliyemuuliza mwenzake tufanye nini."

Nimeyabeba maneno hayo hadi mezani kwangu. Nimefanya kazi katika ofisi zenye malengo mengi yaliyobandikwa ukutani kwa herufi kubwa, ambako bosi akisafiri tu, kila mmoja anabaki kumtazama mwenziwe. Tulidhani tatizo letu ni uvivu, tukaongeza mikutano. Kumbe hatukuwahi kuambiwa, kwa maneno machache ambayo mtu anaweza kulala nayo na kuamka nayo, tunakwenda wapi. Anayewapa watu lengo wanalolielewa anaweza kuugua, kuzeeka, hata kufa, na kazi ikaendelea. Anayewapa amri tu huzikwa pamoja na amri zake.